Saa Zisizohesabiwa: Afya na Usalama wa Dereva wa Lori katika Barabara za Kusini

Msimu wa korosho unapoanza mwezi Oktoba, malori hujipanga nje ya maghala ya Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea yakisubiri kupakia, kisha hujipanga tena karibu na bandari ya Mtwara yakisubiri kushusha. Miaka ya karibuni yameongezeka malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka, wilayani Mbinga, yakipitia Songea, Namtumbo, Tunduru na Mangaka hadi bandari hiyohiyo, na kwa upande mwingine yapo yanayobeba saruji kutoka kiwanda cha Dangote pale Msijute kuelekea Lindi na Dar es Salaam. Anayetaka kuelewa hatari za kazi ya udereva wa lori katika mikoa ya Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, aanzie kwenye foleni hizo, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara yanayoonekana barabarani huandaliwa lori likiwa limesimama.

Ajali inapotokea kati ya Somanga na Nangurukuru, au kwenye miteremko ya uwanda wa Makonde, maelezo ya kwanza huwa mafupi: mwendo kasi, uzembe, kushindwa kulimudu gari. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, ila yanaeleza sekunde chache za mwisho za safari iliyoanza pengine siku mbili kabla. Taaluma ya afya na usalama mahali pa kazi hurudi nyuma zaidi na kuuliza kazi hiyo ilipangwaje, na ilipangwa na nani, hata mtu mzima mwenye leseni ya daraja E na familia inayomngoja nyumbani akasinzia mkono ukiwa kwenye usukani.

Jibu linaanzia kwenye hesabu ya saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi 6. Saa za ziada haziruhusiwi kuvuka 50 katika mzunguko wa wiki 4, na hata zikijumlishwa na zile za kawaida, siku moja ya kazi haipaswi kuzidi saa 12. Baada ya saa 5 mfululizo mfanyakazi anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena anastahili saa 12. Na kila wiki anastahili walau saa 24 za kupumzika bila kukatizwa. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya madereva peke yao, lakini haikuwaacha nje. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, ambao uliandikwa mahususi kwa usafiri wa barabarani, unakwenda karibu zaidi na usukani: kuendesha kusizidi saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki, dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 bila kupumzika, na ndani ya kila saa 24 apate saa 10 mfululizo za mapumziko.

Tuchukue sasa njia ya Songea hadi Mtwara, ambayo ni zaidi ya kilomita 600. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa magari makubwa ni kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Kwa lori ambalo uzito wake wote pamoja na mzigo unakaribia tani 56, ambao ndio ukomo wa sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, wastani wa kilomita 50 kwa saa ni mwendo mzuri ukizingatia vijiji, vilima na mizani. Hizo ni saa 12 na ushei za kuendesha tu, kabla ya kuongeza kupakia, kufunga turubai, kukagua matairi na kusubiri. Maana yake ni kwamba safari hiyo haiwezi kufanywa kihalali na dereva mmoja ndani ya siku moja, hata akiwa na nguvu na uzoefu wa namna gani. Ratiba inayomtaka apakie asubuhi na kuwa bandarini alfajiri inayofuata imekwisha kuvunja sheria kabla funguo hazijaingia kwenye swichi, na aliyeivunja ni aliyeiandika.

Ugumu wa jambo hili umejificha kwenye saa za kusubiri. Pale malipo yanapokwenda kwa tripu, muda ambao lori limesimama haumlipi mtu yeyote, kwa hiyo tajiri, yaani mwenye lori, na dereva wote huuhesabu kama si kazi. Dereva amekaa siku nzima kwenye foleni ya ghala, akisogeza lori mita 20 kila baada ya nusu saa, akilinda mzigo na betri, bila kivuli wala choo cha maana. Ikifika jioni anapakia, na kila mtu pamoja na yeye mwenyewe anaamini kwamba kwa kuwa alikuwa amekaa tu, basi amepumzika. Mwili haufanyi hesabu hiyo. Usingizi wa kukatizwakatizwa hauziachi hatua za usingizi mzito zitimie, na muda wa kuwa macho unaendelea kujilimbikiza tangu alipoamka. Nchi za Umoja wa Ulaya zililigusa suala hili katika agizo lao la mwaka 2002 kuhusu saa za kazi za wasafirishaji: kupakia na kushusha ni saa za kazi, na hata kusubiri ni kazi iwapo dereva hakuambiwa mapema atasubiri kwa muda gani. Kigezo hicho ni chepesi na kingefaa sana kwenye maghala yetu ya korosho. Anayeambiwa saa 2 asubuhi kwamba zamu yake ni saa 10 jioni anaweza kwenda kulala. Anayeambiwa tu “subiri utaitwa” hawezi.

Watafiti wamepima uchovu kwa namna ambayo kila mtu anaielewa, yaani kwa kuulinganisha na ulevi. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa na wepesi wa kutenda unaolingana na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo kwenye damu. Akifikisha saa 24, hali yake hulingana na asilimia 0.10. Askari wa usalama barabarani ana kifaa cha kupima kileo, lakini cha kupima usingizi hana. Juu ya hayo, saa ya ndani ya mwili huvuta usingizi kwa nguvu zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na tena kidogo wakati wa alasiri, hata kwa mtu aliyelala vizuri. Kinachoua mara nyingi ni usingizi mfupi wa sekunde chache ambao dereva mwenyewe hajui kwamba umempitia. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori husafiri mita 22 kila sekunde, hivyo sekunde 4 za giza ni karibu mita 90 bila dereva. Kwenye kipande cha Tunduru hadi Mangaka, ambako tembo huvuka barabara usiku wakitembea kati ya mapori ya Selous na upande wa Niassa, Msumbiji, mita 90 ni nyingi mno.

Tiba za njiani zinafahamika na nyingi hazitibu. Kufungua kioo, kuongeza sauti ya redio na kutafuna chochote huchelewesha mambo kwa dakika chache. Vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa vina kafeini, ambayo huficha dalili za usingizi bila kulipa deni lake; mirungi, mbali na kuwa ni kosa kisheria nchini, humfanya mtu ajiamini zaidi ya uwezo alionao, na ikiisha nguvu humwangusha ghafla. Kinachosaidia ni kuegesha mahali salama na kulala dakika 20, hasa mtu akinywa kahawa kabla ya kulala, kwa kuwa kafeini huanza kufanya kazi karibu na wakati wa kuamka. Akilala kidogo zaidi ya hapo huamka na uzito wa kichwa unaohitaji muda kuondoka. Na yule anayekoroma kwa kishindo, anayeshtuka usiku kama aliyekabwa na kusinzia mchana hata baada ya kulala saa 8, anahitaji daktari, kwa sababu hizo ni dalili za kupumua kunakokatika usingizini, hali ambayo huwapata zaidi watu wanene na ambayo hakuna kahawa inayoiondoa.

Madhara mengine huja polepole, ndiyo maana hayaingii kwenye taarifa za ajali. Kiti cha lori hutikisika mfululizo, na mtikisiko unaopanda kupitia kwenye nyonga hugonga uti wa mgongo hasa ukiwa katika masafa ya mizunguko 4 hadi 8 kwa sekunde, ambayo mgongo wa binadamu huyapokea na kuyakuza. Barabara ya vumbi yenye makunyanzi, kiti ambacho springi zake zimekufa na mwendo mkubwa vyote huongeza kipimo hicho. Dereva aliyetikisika hivyo kwa saa nyingi kisha akashuka na kuinua gunia la korosho, ambalo huwa na uzito wa kilo 80 hivi, anaufanyia mgongo wake ukatili maradufu, kwa kuwa misuli na pingili zilizochoka hazina tena ulinzi wao wa kawaida. Ushauri wa kutembea dakika kumi kabla ya kubeba kitu chochote unaonekana mdogo, lakini una sababu hiyo nyuma yake. Hata kushuka kwenyewe ni hatari: wengi huruka kutoka mlangoni, ilhali kanuni ni kushuka ukiangalia kabini, viungo vitatu kati ya vinne, yaani mikono na miguu, vikiwa vimeshika wakati wote. Kufunga turubai juu ya mzigo ni kazi ya kimo cha ghorofa, na kwa kawaida hufanywa na utingo mwenye kandambili.

Kila mzigo una sumu yake, na kwa kuwa Kusini ina mizigo michache inayojulikana, dereva angeweza kuelezwa yote kwa nusu saa. Unga wa saruji ukichanganyika na jasho huwa na ualikali mkali unaochoma ngozi bila maumivu ya mwanzo, na wengine huishia na mzio wa kudumu unaotokana na kromiamu iliyomo. Suala ni kuosha kwa maji mengi mapema, kabla ya kufika nyumbani. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua, jambo ambalo kila mama aliyewahi kubangua anaweza kulionyesha kwenye vidole vyake. Salfa ya unga inayopelekwa kwa wakulima kabla ya msimu huwasha macho na kifua, na vumbi lake likitanda hewani huweza kushika moto kwa cheche tu, kwa hiyo sigara juu ya lori la salfa ni ujinga wa daraja la kwanza. Makaa ya mawe hutoa vumbi linaloingia mapafuni na huweza kujipasha joto yenyewe yakifunikwa muda mrefu. Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu, na dereva aliye kwenye foleni ya malori yanayounguruma anauvuta kutwa.

Joto na maji vinahitaji maneno machache. Dereva hupunguza kunywa maji ili asisimame njiani, na maji machache pamoja na jasho jingi huongeza hatari ya kupata mawe kwenye figo. Chakula cha njiani ni chipsi na nyama choma saa 4 usiku, kisha usukani. Jua la dirishani nalo hufanya kazi yake: mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England lilichapisha picha ya dereva wa gari la mizigo wa Marekani mwenye umri wa miaka 69, ambaye baada ya miaka 28 ya kazi upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa umekunjamana kama wa mtu mwingine. Kwetu dereva huketi kulia, hivyo shavu na mkono wa kulia ndivyo vya kulindwa.

Kuhusu gari lenyewe, nitagusa mambo mawili ambayo yanaua na ambayo mazoea yameyafunika. La kwanza ni kuliachia lori gia huru mteremkoni ili kuokoa mafuta. Pale ambapo dereva amepimiwa dizeli ya tripu na kinachobaki kinamhusu, kishawishi ni kikubwa. Lakini breki zikibaki kuzuia tani 56 peke yake, ngoma zake hupata moto, hutanuka na breki hukosa mshiko; pedali inakwenda chini na lori halisikii. Cha ajabu ni kwamba injini za kisasa za dizeli, zikiwa kwenye gia bila kukanyagwa mafuta, hukata mafuta kabisa, wakati zikiwa kwenye gia huru huendelea kuyanywa ili zisizimike. Kwa lori la namna hiyo, anayeachia gia huru kati ya Newala na Masasi anahatarisha roho yake kwa ajili ya mafuta ambayo hayaokoi. La pili ni rimu za vipande zenye ringi ya kufungia. Tairi la lori hujazwa upepo wa zaidi ya psi 100, na ringi isiyokaa sawa huruka kwa nguvu ya kukata shingo. Tairi lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wa upepo, anayejaza akiwa amesimama pembeni. Gereji ya barabarani isiyo na kizimba haifai kwa kazi hiyo, hata fundi wake awe hodari vipi.

Gari likiharibika usiku, matawi ya miti barabarani hayatoshi, kwa kuwa hayaakisi mwanga; pembetatu za kuakisi ziwekwe mbali vya kutosha, na watu wakae nje ya barabara badala ya kulala chini ya tela. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu katika maeneo kadhaa ya wilaya ya Kilwa, madereva waliishi kwenye kabini kwa siku kadhaa, na njia iliyobaki ilikuwa kuzungukia Songea. Barabara inapofunguliwa baada ya siku kama hizo, shinikizo la kufidia muda uliopotea huwa kubwa, na hapo ndipo tajiri makini humwambia dereva wake alale kwanza.

Ni nani basi anayesimamia haya yote? Kikosi cha Usalama Barabarani kinamwona dereva na mwendo wake chini ya sheria ya mwaka 1973. LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, inashughulikia leseni za usafirishaji. TANROADS, Wakala wa Barabara, kwenye mizani inaona uzito wa ekseli. OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inasimamia sheria namba 5 ya mwaka 2003, na maofisa kazi wanasimamia saa na mikataba. Kila mmoja ana kipande chake, na saa za dereva huanguka katikati yao, kwa sababu afisa kazi hasimami Nangurukuru saa 9 usiku, na askari aliyepo hapo haulizi dereva ameamka lini. Kwa maoni yangu, njia ya mkato iko ndani ya lori lenyewe: kampuni nyingi zimefunga vifaa vya GPS kulinda mzigo na mafuta, na kumbukumbu hizohizo zinaonyesha lori lilisimama lini na kwa muda gani. Mkaguzi angeziomba, hesabu ya mapumziko ingepatikana bila kumhoji mtu.

Sheria ya mwaka 2003 ina kipengele kimoja ambacho madereva wengi hawakidai, nacho ni uchunguzi wa afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, unaofanywa na daktari wa afya kazini. Umuhimu wake unaonekana baadaye. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri peke yake. Mshahara wa dereva haukatwi hata senti. Fidia yake haimtaki aliyeumia athibitishe kwamba mwajiri alizembea, inatosha kwamba madhara yametokana na kazi, na inahusisha matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao, na mafao ya wategemezi. Mguu uliovunjika Mangaka hauna ubishi. Masikio yaliyopoteza usikivu na mgongo ulioharibika taratibu vina ubishi mwingi, na bila kipimo cha siku ya kuajiriwa ni vigumu kuonyesha kwamba mtu aliingia kazini akiwa mzima.

Kikwazo kinachobaki ni mkataba. Mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai ya madereva waliogoma nchi nzima Aprili na Mei 2015, na hadi leo wapo wanaoendesha kwa makubaliano ya mdomo, huku utingo akiwa hata hayo hana, kwa kuwa mara nyingi ameitwa na dereva mwenyewe. Hata hivyo, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitike vinginevyo, ikiwa walau jambo moja kati ya kadhaa lipo: kwamba namna au saa zake za kazi zinaelekezwa na mwingine, kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, kwamba anamtegemea kiuchumi, au kwamba anatumia vifaa vya kazi alivyopewa naye. Dereva wa lori la mtu mwingine hutimiza karibu yote. Anachohitaji ni ushahidi, na ushahidi huo hupita mikononi mwake kila safari: karatasi za mizani zenye namba ya gari na saa, hati za kupokelea mzigo ghalani na bandarini, na ujumbe wa simu wa posho alizotumiwa. Zinastahili kupigwa picha na kuhifadhiwa nje ya kabini, na mtu wa nyumbani ajue zilipo, kwa maana siku zitakapohitajika huenda dereva mwenyewe yuko wodini katika hospitali ya Ndanda au Ligula.